Siku Nilipomweka Baba Mkwe Benchi

Kama ni kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Aibu hii nimeibeba miaka kadhaa bila kumsimulia mtu kwa hiari yangu (waliosimuliana bila hiari yangu ni wengi, kuanzia Doornfontein mpaka kwa wauza mablanketi wa katikati ya mji, na wapo wanaoniita "Kocha" huku wameziba mdomo kwa kiganja). Mimi Omari, mtoto wa Tanga, ndiye niliyemchukua mzee ambaye nilikuwa nasubiri jibu lake la posa, nikamkalisha kwenye benchi la timu siku ya fainali. Hakunituma mtu. Niliamua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, tena nikajipongeza.

Tuanzie kazini. Mwaka 2018 nilikuwa chuoni pale Doornfontein, Joburg, stoo ya vifaa vya michezo: asubuhi nagawa mipira, jioni naikusanya, iliyopasuka naandika imepasuka, iliyopotea naandika imepotea. Basi wanafunzi wakaanzisha timu ya mpira wa Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, unaokimbizwa mkononi, wachezaji wamevaa helmeti na mabega ya plastiki mapana kama milango ya kabati. Nikaanza kwa kuwapelekea maji. Kutoka kwenye maji nikawa natazama nao video, kutoka kwenye video nikawa nachora mishale kwenye daftari, huyu apite hapa, yule amzibe yule, na kwa kuwa kocha mkuu, Vusi, alikuwa mtu wa ulinzi tu na mambo ya kushambulia yalimchosha, siku moja akalifungua daftari langu, akaguna, akasema, "Eish, Omari, hii inafanya kazi." Ndivyo nilivyopanda cheo kutoka ndoo ya maji mpaka kocha wa mashambulizi wa timu ya chuo. Mchezo wenyewe sijawahi kuucheza hata dakika moja, na sijawahi kugongwa na mtu. Hilo la kugongwa mliweke akilini.

Sasa posa. Nilimpenda Rehema, binti wa Mzee Shekue, mtu wa Lushoto mwenye duka la mablanketi mjini, kanzu, koti la sufu, bakora mkononi, na uso ambao hauchekei mtu bila sababu. Barua ikapelekwa, ikakaa. Wazee wangu wakaenda kuulizia, wakarudi na maswali badala ya jibu. Mzee alitaka kujua kijana anafanya kazi gani hasa. Wakamwambia ni kocha. Kocha wa nini? Wa mashambulizi. Wakasema mzee akauliza, "Anamshambulia nani?"

Akasema kazi ya mtu yeye haisikii, anaiona, kwa hiyo Jumamosi atakuja na dada yake, Shangazi Bi Mwana, watazame, na jibu la posa atalitoa siku hiyohiyo. Na Jumamosi hiyo ilikuwa fainali.

Rehema akanipigia simu. "Waweke jukwaani, Omari. Juu kabisa, mbali."

"Wakae mbali wasinione?"

"Ndiyo hasa."

Sikumsikia. Nilitaka mzee anione karibu, nimevaa vifaa vya masikioni, nimeshika karatasi ya mipango, vijana warefu kunizidi wananiitikia ndiyo kocha, ndiyo kocha. Na funguo za stoo ninazo mimi. Nikatoa makoti mawili mazito ya benchi, mgongoni yameandikwa KOCHA, kwa Kiingereza, kwa herufi za kusomeka ukiwa upande wa pili wa barabara, nikawavalisha mzee na Shangazi juu ya kanzu na juu ya baibui, nikawakalisha kando ya uwanja, mimi katikati yao nimejaa fahari. Rehema akabaki nyuma ya kamba, ameshika kichwa.

Shambulizi la kwanza, watu ishirini na wawili wakagongana kwa kishindo. Shangazi akaruka. "Ya Rabi! Wanapigana!"

Mzee akaniinamia. "Kijana, hawa wamekosana nini?"

"Hawajakosana, baba. Ndivyo nilivyowafundisha."

"Wewe ndiye uliyewafundisha?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, kifua mbele (jamani, laiti ulimi ungekuwa na breki).

Mzee akaandika kitu kichwani mwake, nilimwona kabisa anaandika. Baadaye akauliza, "Mbona kila wakishaanguka wanafanya kikao?"

"Wanapanga, baba."

"Wakishapanga wanaanguka tena."

"Ndiyo, baba."

"Basi hawapangi vizuri."

Katika mchezo ule, mwamuzi akiona kosa hutupa chini kitambaa cha njano. Akakitupa, kikaangukia karibu na sisi, na Mzee Shekue ni mtu mstaarabu, akaingia uwanjani kwa utaratibu wake, akakiokota, akakikung'uta vumbi, akamfuata mwamuzi. "Bwana, umeangusha leso." Mwamuzi hajui Kiswahili, lakini kusoma anajua, mzee alipogeuka akaona mgongo umeandikwa KOCHA, akadhani anakejeliwa, akaturudisha nyuma yadi kumi na tano. Vusi akaja kwangu mbio, macho yamemtoka.

"Omari, huyu baba ni nani?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, nikawahamishia jukwaani, na leo msingekuwa na cha kucheka. Nikasema, "Ni msaidizi wangu."

Shangazi naye alikuwa amekuja na kachori kwenye kontena. Kila mchezaji akitoka anamlisha, hasa Patient, kijana wa Bukavu, ndiye aliyekuwa akipokea mpira kwanza na kuamua aurushe au akimbie nao, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akiangushwa kuliko wote. Shangazi akampangusa majani usoni. "Kula, mwanangu. Hawa wenzako wana chuki na wewe." Patient akala kachori tatu katikati ya fainali. Nikajifanya sioni.

Jua la Julai linapokimbilia kuzama, baridi ya Joburg inaingia mpaka kwenye mfupa. Mzee akasimama, akachukua kiti chake, akakihamishia kwenye kipande cha jua kilichobaki, kule kona ya kushoto, karibu kabisa na mstari wa mwisho. Hakuna aliyemzuia, nani amzuie mtu wa koti la KOCHA? Shangazi akamfuata na kontena lake.

Ikafika dakika ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi nne. Patient akivuka ule mstari na mpira mkononi tunapata sita, kombe letu. Nikatoa mpango ambao nilikuwa nimeuficha msimu mzima: timu yote inakwenda kulia, kelele zote kulia, macho yote kulia, na Patient peke yake anateleza kushoto. Ulikuwa mpango mzuri, mpaka leo nausimamia. Katika daftari langu kona ile ya kushoto ilikuwa tupu.

Wapinzani wote walidanganyika, wakaenda kulia. Patient akatokea kushoto, peke yake, uwanja umefunguka, mimi nikaanza kupiga kelele kabla hajafika. Halafu watatu kati yao wakashtuka, wakageuka, wakamwandama, mijitu mikubwa inahema nyuma yake, na jukwaa lote limesimama linapiga mayowe. Nikasikia sauti ya Shangazi juu ya sauti zote. "Watamuua! Kaka, watamuua huyo mtoto!"

Mzee Shekue, miaka sabini kasoro, akainuka kwenye kiti, bakora juu, akaingia uwanjani anakimbia. Sijui alizitoa wapi zile mbio. "Njoo huku, mwanangu! Njoo kwangu!" Patient akajaribu kumkwepa kulia, mzee akaenda kulia, akajaribu kushoto, mzee akaenda kushoto, na yadi mbili kabla ya mstari wa mwisho Mzee Shekue akamkumbatia Patient, akamfunika kwa lile koti, akawageuzia wale watatu bakora. Msimu mzima hakuna beki aliyemzuia Patient vizuri namna ile.

Wale watatu sasa, mtu mwenye kilo mia na ushee akishakimbia hana breki. Nikaona mzee wangu anakwenda kusagwa. Nilikuwa nimeshavitupa vifaa vya masikioni tangu alipoinuka, nakimbia kwenda kumzuia, nikafika nusu hatua kabla yao, na ndipo mimi, kocha wa mashambulizi, mtaalamu wa video, nikagongwa kwa mara ya kwanza maishani. Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia kitu kimepasuka, nikaomba Mungu uwe mfupa, kumbe ni suruali, kuanzia mshono wa nyuma mpaka karibu na goti. Nimelala kifudifudi mbele ya chuo kizima, mbele ya Rehema, mbele ya Shangazi wa Rehema. Shangazi akaja na mtandio wake wa akiba akanifunika sehemu husika, akasema taratibu, "Usigeuke, baba."

Kipenga. Mtu wa benchi kaingia uwanjani, mchezo umekufa palepale, muda umekwisha. Tumefungwa kwa pointi zilezile nne.

Vusi alikuja, akanitazama pale chini, wala hakupandisha sauti. "Jumatatu unarudi stoo. Stoo tu, Omari. Sharp?"

"Sharp," nikasema kwenye majani, yaani sawa.

Nikajikusanya na mtandio wangu kiunoni. Patient alikuwa amesimama na helmeti kwapani, machozi yanamtoka, kombe limempita yadi mbili. Nikajua sasa atamtukana mzee, na mzee ataondoka, na jibu la posa nimeshalipata. Mzee akaitupa bakora, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Wamekuumiza?"

Patient akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama ile bakora pale chini. "Hapana, papa," akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Aksanti sana. Bale bangeniumiza leo."

Mzee akashusha pumzi. Halafu akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu, "Mwaka ule walipovunja maduka yetu sisi wageni hapa mjini, mimi nilikimbia hivihivi. Mtaa mzima. Kwenye kila mlango walikuwapo watu wanatazama. Hakutoka hata mmoja."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumweleza kanuni za mchezo, pointi sita, kombe. Nikaufunga. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya suruali, maana miezi yote ile nilikuwa nataka mzee anione mimi, na mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja yeye ameona nini katika mji huu.

Akanigeukia. "Na wewe. Ulikuwa unakuja kunizuia, au kunikinga?"

Rehema alikuwa ameshafika, akanikonyeza niseme kukinga. Ningesema kukinga. Lakini siku ile nilikuwa nimeshadanganya mara moja tu, la msaidizi wangu, na mmeona lilikonifikisha.

"Nilitoka kuja kukuzuia, baba. Nilipofika nikakuta nimekukinga."

Mzee Shekue akacheka. Nawaambia alicheka, mpaka Shangazi akageuka kuhakikisha ni yeye. "Haya. Binti utapewa. Lakini kazi hii ya kufundisha watoto wa watu kupigana uiache."

"Nimeshaachishwa, baba."

Tumeoana, alhamdulillahi, na Patient alikuja kula pilau, mzee akamkalisha karibu yake kuliko mimi. Mpaka leo hakuna aliyemwambia ukweli wa lile kombe, na naomba nanyi msithubutu. Dukani kwake huwasimulia wateja jinsi alivyomwokoa mtoto wa Kikongo mikononi mwa watu kumi na mmoja (walikuwa watatu, lakini kila msimu wanaongezeka), na mwishoni husema, "Na huyu mkwe wangu naye alisaidia kidogo." Nami naitikia ndiyo baba, ndiyo baba.

Nimeapa sitamweka mkwe benchi tena, wala kumvalisha mtu cheo asichokijua ili tu aje kunitazama. Lile koti la KOCHA hakulirudisha. Baridi ikianza namkuta amelivaa, amekaa mlangoni pa duka, anautazama mtaa. Kwenye daftari la stoo nimeandika limepotea.