Fundi wa Maharusi na Vidonge vya Mahujaji

Kwa kuwa wapo watu hapa mtaani wanaosema nilikwenda Jidda kuendesha gari la mtu, naandika wazi: nilikwenda na diploma ya ufamasia. Miaka ile mafuta yalikuwa yamepanda bei, na Jidda na Riyadh zilikuwa zikijengwa usiku na mchana. Duka la dawa la Al-Safa lilinipa kaunta nzima. Wamisri niliowakuta pale walianza kwa kunielekeza, wakaishia kuniuliza.

Kila msimu wa hija tulikuwa tukiuza vidonge vya kuchelewesha hedhi, ili akina mama watufu, waizunguke Kaaba, bila wasiwasi. Hakuna aliyeulizwa kitu. Mama ananyoosha kidole rafuni, anasema "za hija", anapewa.

Msimu ukapita, mahujaji wakaondoka, na mteja mmoja bado anakuja. Alikuwa Mzanzibari wa mtaa wa Al-Nuzha, fundi wa maharusi, hodari wa kushona magauni na kupaka hina.

"Kaka, nipe za hija."

"Dada, mahujaji wamesharudi kwao mpaka Indonesia. Wewe unatufu na nani?"

Alicheka mpaka Mmisri mmoja akachungulia. Halafu akanisogelea, akanieleza kwa sauti ya chini. Alipozaliwa Unguja waliona mvulana, wakamlea kama mvulana. Mwenyewe alijijua mwanamke tangu utotoni, na Jidda ndivyo alivyokuwa akiishi. Sasa alitaka na mwili ufuate.

"Nikaona wanawake wote wananunua hivi," alisema. "Nikasema, kama ni dawa ya wanawake, itanifanya kama wao."

"Imekufanya?"

"Imenifanya chunusi! Nikaona hazitoshi, nikaongeza na vya kupanga uzazi. Vinne kwa siku."

Hapo diploma ikasimama kusema. Nikamwambia vidonge vya mahujaji kazi yake ni kuzuia damu ya mwezi tu; havioteshi titi, na chunusi vinaweza kuleta. Homoni inayolainisha mwili ni estrojeni. Vya kupanga uzazi vinayo, lakini ya aina kali, na ukivizidisha damu huwa rahisi kuganda.

"Ukizidisha moto wali hauivi upesi, dada. Unaungua."

"Basi mpishi, punguza maneno."

Nilikuwa nimeona anavyoegemea mguu mmoja. "Huo mwingine una nini?"

"Viatu. Nawe usinicheleweshe, kesho nakwenda Riyadh kwa gari, nina bibi harusi."

Nikamwomba anionyeshe. Muundi wa kushoto ulikuwa umevimba peke yake, una joto, na nilipougusa aliruka. Juu ya hayo, alikuwa mvutaji wa shisha.

"Huendi Riyadh."

"Loo! Kwani wewe ndiye bwana harusi?"

"Damu ikiganda mguuni, kipande kikakatika, kinakwenda mapafuni. Hapo watu hufa. Utafika Riyadh maiti, na maiti hapaki hina. Twende kwa daktari."

Kicheko kikamwisha. "Daktari ataniuliza ninakunywa nini."

"Mwambie vyote."

"Na kafili wangu akisikia?"

Sikumdanganya kwamba hofu ile haina maana; kafili ndiye mdhamini wako, akitaka anakurudisha kwenu. Lakini nilimjua daktari mmoja Msudani, mtu wa siri, na kwa kujuana na watu wa maana mimi sijambo. Nikamwambia Mmisri, "Yalla, shika kaunta," nikasimamisha teksi.

Yule daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakukunja uso. Alimwita "binti yangu", akampima, akamlaza chumba cha wanawake. Damu ilikuwa imeganda kweli. Akaanzishiwa sindano za kuizuia isizidi kuganda, na vidonge vyote vikasimamishwa.

"Kwa hiyo mwili wangu ndio halas, basi tena?" akaniuliza kesho yake, Riyadh wakimpamba bibi harusi wao wenyewe, Mungu awasamehe.

Daktari akasema si halas. Apone kwanza, aache shisha. Kisha mtaalamu wa homoni aamue kama inafaa, na kwa njia gani, huku akipimwa damu mara kwa mara. Siku hizi, niwaambie wasomaji, vidonge vya kupanga uzazi havitumiki kwa kazi hii. Hutumika estradioli, estrojeni kama ile ya mwilini, mara nyingi pamoja na dawa ya kushusha testosteroni, na aliyewahi kuganda damu aghalabu hupewa ya kupitia ngozini, ambayo hatari yake ni ndogo.

Alikuwa na maswali mengi, nami nilitafsiri na kuongeza langu. Ngozi italainika. Mafuta yatahamia nyongani, nguvu za misuli zitapungua, nywele za mwili zitakuwa nyembamba. Ndevu haziondoki kwa homoni. Zina njia zake. Uwezo wa kuzaa unaweza kupotea usirudi, hivyo afikirie kabla ya kuanza. Sauti haibadiliki, hiyo ni ya kufanyiwa mazoezi.

"Sauti yangu sina ugomvi nayo," alisema. "Matiti je?"

Daktari akajibu, nikatafsiri: huanza baada ya miezi, na kukamilika huchukua miaka miwili, mitatu, hata zaidi. Kama msichana yeyote anayebaleghe.

Akanitazama. "Ina maana na wao walisubiri?"

"Wote."

"Hata yule bibi harusi wa Riyadh?"

"Hata yeye."

Akavuta shuka mpaka kidevuni, akatulia. "Basi mwambie daktari nitasubiri. Lete hiyo sindano ya damu."