Devotha na Abiria Mwenye Mvi

Sisi wa Newala tumezaliwa juu ya mawingu. Si majivuno. Asubuhi za baridi, ukisimama ukingoni mwa mlima, bonde la Ruvuma hulioni. Unaona weupe mtupu umelala chini ya miguu yako. Mdogo wangu Devotha alikuwa akitua ndoo yake, anautazama mpaka namfinya. "Dada Julia, hivi juu ya weupe huu mtu anaweza kutembea?" Namwambia, we, twende tukateke maji, jua linatoka.

Basi ilipofika miaka ya ruksa, watu binafsi wakaanza kurusha ndege zao, Devotha akachaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea uhudumu wa ndege. Mimi nilishaolewa Masasi, nashona nguo sokoni. Nikautangazia mji mzima. Mdomo huu jamani!

Darasani walikuwa wasichana wa kila kabila. Mkufunzi wao, Bwana Gasper, aliwaambia, "Moto ukiwaka hakuna Mhaya wala Mmakonde. Kuna sekunde tisini za kuwatoa watu, na sauti yako."

Siku ya jaribio, ndani ya ndege ya mazoezi, wafanyakazi wa karakana waliigiza abiria. Kiti cha mbele alikaa mlinzi wao, Mzee Muharami, kichwa mvi tupu. Kengele ikalia, moshi wa kuigiza ukafuka. Devotha alitakiwa apige kelele watu watoke. Akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Naomba ufungue mkanda..."

Darasa likaangua kicheko. Bwana Gasper hakucheka. "Umewaua wote," alisema. "Kesho unarudia. Ukishindwa, panda basi urudi kwenu."

Nami naudhika mpaka leo. Mtoto aliyefundwa unyagoni kwetu amfokee mzee? Hata mimi ningeshindwa, na anayecheka aje hapa tuonane.

Alasiri ile Devotha alikaa peke yake nje ya bweni, akalia, kisha akatazama mawingu. Anasema yalishuka taratibu, yakawa yale ya kwetu, na akatuona wanawake tukipanda mlima kwa mstari mmoja, ndoo kichwani. Kwenye mteremko ule jiwe likiponyoka, aliyeliona hupiga ukelele, "Jiwe! Pembeni!" hata kama aliye chini ni bibi yake mzaa mama. Hakuna anayedai shikamoo. Salamu husubiri juu: mkishafika, unatua ndoo, unampigia goti uliyemfokea.

Kesho yake kengele ikalia. Devotha akauona moshi, akaliona jiwe.

"Fungua mkanda! Acha mizigo! Toka! Toka!"

Ilikuwa sauti ya mlimani hasa. Mzee Muharami aliruka kitini, akaacha kiatu kimoja, akateleza kwenye mtelezo wa dharura mpaka chini kwenye majani, na wengine nyuma yake. Devotha akatoka wa mwisho. Bwana Gasper alikuwa ameshasimamisha saa: sekunde themanini na moja. Akamnyooshea mkono kumpongeza.

Devotha hakuuona. Alimpita, akaenda pale mzee alipokaa akihema, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Mzee akamtazama, kisha akawatazama wenzake wote waliosimama majanini.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Tumefika wote."