Kamba Ilipokosa Mbuzi

Mtu wa kwanza niliyemuuliza alikuwa muuza kamba wa Darajani. Niliamini kwamba anayekaa na kamba kutwa nzima lazima awe anazijua siri zake. Nilimkuta ameegemea marobota yake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Mtu hujuaje kamba ya tanga imechoka?"

"Ikikatika."

"Na kabla haijakatika?"

Alifikiri kidogo, akapuliza kahawa yake. "Kabla haijakatika ni nzima."

Nikanunua pima saba za kamba mpya, nyeupe, ngumu, inayonuka duka. Alizipima kwa mikono yake mwenyewe, na kwa bahati yangu alikuwa na mikono mirefu.

Kamba iliyonitia wasiwasi ilikuwa pwani ya mashariki, kwenye ngalawa ya mjomba wangu. Ni ile inayoitwa henza, inayopandisha foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, mpaka juu ya mlingoti, kisha ikaushikilia huko. Kazi yake yote ni kushikilia. Wiki moja kabla nilikuwa nimekwenda kuwatazama mjomba na mkewe, yaani mkaza mjomba, maji yakiwa yamekupwa, ngalawa imekaa mchangani kama kuku anayeatamia. Nikaishika henza bila sababu yoyote, kama mtu anavyoshika pazia la nyumba ya watu. Kiganja kikabaki na unga. Kamba ile zamani ilikuwa buluu; sasa ilikuwa na rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa mengi, na kila nilipoipinda ilitoa vumbi kama ugoro. Pale inapopita kwenye kapi, yaani gurudumu lake, ilikuwa imekonda ikafanya kiuno.

Nikatazama juu, kwenye foromali. Halafu nikatazama chini ya mlingoti, mahali anapokaa mkaza mjomba.

Mkaza mjomba analima mwani. Zamani alikuwa akenda shambani kwake kwa miguu, maji ya magotini, anarudi kwa miguu. Siku hizi maji ya karibu yamekuwa ya moto, mwani unageuka mweupe na kuoza kabla ya kuvunwa, na yeye na wenziwe wamehamishia vigingi vyao mbali, kwenye maji ya kina. Kuogelea hajui. Kila bamvua, siku za maji kukupwa sana, mjomba humpeleka kwa ngalawa, na kwa kuwa anaogopa ukingo, hukaa katikati kabisa, mgongo kwenye mlingoti, mikono miwili imeukumbatia kwa nyuma. Ndipo mahali salama zaidi katika chombo, isipokuwa foromali ikianguka.

Mjomba si mtu mzembe. Nalisema hili mapema kwa sababu najua msomaji ameshamhukumu. Ngalawa yake huikwangua, huikalafati, huipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, mpaka majirani wafunge madirisha. Tanga lake lina viraka vilivyoshonwa vizuri kuliko mashati yangu. Basi nilimwambia nikijua namwambia mtu anayejua.

"Mjomba, henza hii imechoka."

"Imechoka," alikubali.

"Mbona huibadilishi?"

"Nkiivua ntaipeleka wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mkaza mjomba, aliyekuwa pembeni akifunga miche ya mwani kwenye vikamba vyembamba vya tai-tai, akanyanyua kichwa.

"Muulize tena, wewe uliyesoma. Mimi nshamuuliza mpaka nimeota mvi. Nkikaa pale chini natia shahada kwenda na kurudi."

"Kutia shahada ni jambo jema," alisema mjomba.

"Umemsikia? Mume wa mwenzangu humnunulia mkewe dhahabu. Wangu mimi ananikumbusha akhera."

Nyumbani kwa mjomba kamba haitupwi. Ikichoka baharini hushuka mlingotini ikaenda kufunga mbuzi. Ikichoka kwa mbuzi huenda kuanikiwa nguo. Ikichoka kwa nguo hufungia kuni, na ikiwa haifai hata kuni, mkaza mjomba huipeleka jikoni, na hapo ndipo mwisho wake. Hivyo ndivyo alivyofanya babu yangu, na hivyo ndivyo mjomba alivyofanya maisha yake yote, na kila kamba niliyoiona pale utotoni ilikuwa mahali ilipostahiki kwa umri wake. Kuivua kamba ambayo haijapata kazi nyingine, mjomba aliniambia, ni israfu, ni kufuja mali, na israfu imekatazwa. Alilisema neno hilo kwa ile herufi ya kooni, "ain", ya mtu aliyekaa sana chuo cha Kurani, ingawa neno lenyewe halina "ain" hata moja.

Ndiyo sababu nilikwenda Darajani. Nilidhani kamba mpya ikishakuwepo, mkononi, nyeupe, itajisemea yenyewe. Jumamosi iliyofuata niliipeleka. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akaivuta, akainusa, akanishukuru sana, akanipa dua ndefu iliyogusa kazi, ndoa na safari zangu za barabarani. Kisha akaingia nayo ndani, akaitundika kwenye msumari wa ukumbini, karibu na saa.

"Huifungi?"

"Inasubiri."

Kesho yake asubuhi nilisimama pwani nikawatazama wakiondoka. Tanga lilipanda kwa mikupuo, kila mkupuo nikisikia kapi linalia. Mkaza mjomba alikuwa amekaa pale pale, kanga ameifunga kichwani, midomo inacheza. Nilijua anasoma nini. Nilikaa kwenye jiwe mpaka waliporudi, na sikufanya jambo jingine lolote muda wote huo, jambo ambalo mjomba alilitafsiri kuwa ni uvivu wa mjini.

Nikafikiri nina akili. Mchana, tukila wali na mchuzi wa changu, nilimwambia mjomba kwamba kule kwangu Kikwajuni sina kamba ya kuanikia nguo. Nikasema hata kuukuu itanifaa. Nikasema, kwa kweli, kuukuu ndiyo naipenda zaidi, imelainika, haiachi alama kwenye mashati.

Mjomba aliacha kula. Uso wake ulijaa huruma.

"Mpwa wangu, mbona hukusema siku zote hizi?"

Akanawa mkono, akaenda ukumbini, akaitungua kamba mpya msumarini.

"Siyo hiyo, mjomba."

"Chukua."

"Mimi nataka ile ya chomboni."

"Uanikie nguo kamba iliyochoka, mbele ya majirani? Watu wa mjini watasema huna kwenu. Chukua, yakhe, usinitie aibu."

Mkaza mjomba alinitazama kama anavyotazama mwani uliooza. Nilirudi Kikwajuni na kamba yangu, katika mfuko ule ule wa plastiki wa Darajani.

Mama yangu, ambaye ni dada yake mjomba, alikuwa anachambua mchele niliposimulia. Hakustaajabu hata kidogo. Alitoa chuya, akatoa jiwe, akapepeta, ndipo akasema:

"Tangu yule mbuzi aliwe harusini, kamba za nyumba ile zimesimama."

Nikakumbuka. Mwaka wa kabla yake mjomba alimwoza binti yake. Mbuzi alikuwa wao wa mwisho; alipikwa pilau, na mimi mwenyewe nilikula sahani mbili. Hakuna aliyenunua mwingine. Henza ilitakiwa ishuke mlingotini kwa wakati wake, lakini chini hapakuwa na mtu wa kuipokea. Mwaka mzima mkaza mjomba alikuwa akikaa chini ya ule mti kwa sababu ya pilau.

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi nichambue mchele na nikufikirie wewe pia?"

Mbuzi nilimpata Mwera, kwa mzee mmoja aliyekuwa na wanne. Nilimchagua wa kati, jike, wa rangi ya majivu, mwenye macho ya mtu asiyeamini anachoambiwa. Tulipomaliza, mzee akaanza kufungua kamba kigingini anipe.

"Kamba sitaki."

"Kamba huna haja ya kulipia. Inakwenda na mbuzi."

"Najua. Sitaki."

Mzee alinitazama, kisha akamtazama mbuzi, nadhani kwa kumwonea imani. "Utamchukuaje?"

"Ntamshika."

Nilimshika. Nilimshika nyuma ya gari ya mizigo ya jirani yangu njia nzima mpaka pwani ya mashariki, mkono mmoja pembeni, mwingine shingoni, na kamba mpya ya Darajani nimeikalia. Watu wa vituoni walitusalimia sote wawili. Tulipofika nilikuwa na harufu yake, na sidhani kama yeye aliifurahia yangu.

Mjomba alitoka mlangoni. Alimtazama mbuzi. Aliitazama miguu yake minne, ambayo haikufungwa na chochote, na migomba ya jirani iliyokuwa hatua chache mbele yake.

"Wa nani?"

"Wenu. Zawadi."

"Kamba yake?"

"Hana."

Mjomba alisimama kidogo. Nilimwona akigeuka, taratibu, kuelekea pwani. Alikwenda mpaka kwenye ngalawa, akaifungua henza, akaivuta yote kutoka kwenye kapi, na vumbi lake likampakaza mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila ya kunitazama. Mimi nilikuwa nimemfuata na mbuzi mkononi; nilimpa kamba mpya. Aliipitisha kwenye kapi, akaifunga foromali, akapandisha na kushusha mara tatu. Kapi halikulia. Mkaza mjomba alikuwa ametoka jikoni na upawa mkononi, na alikaa kuangalia kazi yote tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ile henza kuukuu mjomba aliipeleka uani. Alimfunga mbuzi upande mmoja, upande wa pili akaufunga kwenye mpera, fundo zuri, akalikaza kwa uzito wa mwili wake. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kamba ikiwa mahali pake.

Mbuzi aliona migomba. Akavuta mara moja, hata hakuvuta kwa nguvu. Kamba ikakatika pale kwenye kiuno, bila sauti, kama uzi ulioungua, na mbuzi akenda zake kwa jirani.

Tulibaki sote watatu tunakitazama kipande kilichoning'inia kwenye mpera.

"Mbuzi huyu," alisema mjomba, "ana nguvu sana."

Akavua makubadhi, akamfuata.

Mkaza mjomba aliweka upawa chini, akakitikisa kile kipande mpaka vumbi likaisha, akakivuta mpaka kwenye nguzo ya jiko, akakifunga. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile kanga aliyokwenda nayo mwanini asubuhi, bado mbichi, akaianika.