Jeronimo na Usajili wa Dirisha Dogo

Papa wa Shangani walikuwa wameshafungwa mechi saba mfululizo siku katibu wetu, Kasiani, alipomtema Issa. Naanza na hilo kwa sababu watu mtaani siku hizi wanamsema Jeronimo kana kwamba aliamka asubuhi moja akaamua kuharibu maisha ya wenzake. Hakuamka tu. Tulichokozwa.

Papa ni timu ya mpira wa kikapu. Uwanja wetu, hapa Mtwara, ni saruji iliyopasuka, na chumvi ya bahari imeshakula nusu ya nguzo za magoli. Issa aliujua ule ufa wa katikati kuliko anavyojua chumba chake. Alijua mpira ukidunda pale utakwenda wapi, na wageni hawakujua. Miaka sita yeye ndiye aliyegawa mipira. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, Kasiani akamwacha kwa ujumbe wa simu, tena asubuhi ya siku ya mechi. Akaleta vijana wawili kutoka Dar. Wakacheza mechi tatu, wakalalamika chumba hakina feni, wakapanda basi wakarudi kwao. Ndipo akamleta Elton.

Elton alitoka Kitaya, kule karibu na mto Ruvuma. Mrefu, mpole, mzito wa miguu. Ukimpa mpira anaushika kama amepewa mtoto mchanga wa watu. Mechi yake ya kwanza alipoteza mipira kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe, na kila mmoja niliusindikiza kwa neno ambalo sitaliandika hapa.

Mimi naitwa Rukia. Nina duka la kutoa kopi hatua chache kutoka uwanjani, na kwa miaka tisa nimekaa na Jeronimo kwenye benchi moja. Yeye ni fundi wa friji na viyoyozi. Mkewe ni muuguzi Newala, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani anaishi na binti zake wawili, Claudia na Nilza, na mama yake mzazi, Bibi Conceicao.

Jeronimo ni mwoga, na sisemi kwa kumcheka. Anamwogopa askari wa barabarani hata akiwa anatembea kwa miguu. Akiitwa kutengeneza kiyoyozi kwenye ofisi ya serikali, anavaa shati la kanisani, na akimaliza kazi anatoka kinyumenyume. Ni uwanjani tu ndiko anakokuwa na mdomo. Pale alimtukana mwamuzi, alimtukana kocha, alimtukana Kasiani mbele ya mke wa Kasiani, na sisi tukamshangilia.

Woga wake una chanzo. Wazazi wake wote wawili walivuka mto wakati wa vita vya Wareno kule Msumbiji. Bibi Conceicao alikuwa na miaka tisa, anatoka shule ya misheni, daftari bado liko mkononi. Walifikia Madimba, upande huu wa mto, wakalima muhogo na korosho, Jeronimo akazaliwa pale, na hakuna aliyewauliza kitu miaka yote hiyo. Vilipokuja vitambulisho vya taifa, fomu ikataka kujua wazazi wamezaliwa wapi. Jeronimo alikaa kwenye kiti changu dukani, akashika paji la uso, akaniambia niandike Madimba. Nikaandika. Mwandiko ni wangu, kwa sababu wake hausomeki. Bibi mwenyewe hakuomba kitambulisho. Alisema yeye ni mzee, asibabaishwe.

Sasa rudi uwanjani. Mechi ya kumi na mbili tukafungwa kwa pointi ishirini na mbili. Elton alipewa mitupo huru sita, akakosa yote. Tukiwa bado tunakung'uta nguo kuondoka, Jeronimo akachomoa simu, akarekodi sauti, akaituma kwenye kundi la mashabiki. Nilikuwa pembeni yake, kwa hiyo naikumbuka neno kwa neno.

“Huyo Elton si raia,” alisema. “Nimemsikia kwa masikio yangu kwenye mitupo huru, anadundisha mpira anahesabu kwa Kireno. Um, dois, três, kisha anatupa, kisha anakosa. Kasiani katuletea Mmsumbiji mwenye karatasi za kughushi, kamtoa Issa, mtoto wa hapa. Tumrudishe alikotoka.”

Kundi likalipuka. Watu wakaweka vicheko, wakaweka mioto, wakampa Jeronimo cheo cha mkuu wa upelelezi. Na mimi nikaweka dole gumba. Hilo ndilo linaloniuma, maana karatasi za Elton nilikuwa nimezitolea kopi mwenyewe wakati wa usajili. Cheti cha kuzaliwa, cha Mtwara hapa hapa. Cheti cha uraia cha babu yake, aliyeomba na akapewa. Kila kitu kilikuwa safi. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu, Jeronimo acha, vyeti nimeviona. Lakini nilikuwa na hasira ya Issa, na nilitaka Kasiani ahenyeke kidogo. Nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tukashinda. Kwa pointi mbili, na pointi hizo alizifunga Elton sekunde ya mwisho, kwa kuurukia mpira uliogonga chuma na kuurudisha ndani. Jeronimo alivua shati akakimbia nalo uwanja mzima. Nilidhani balaa la msimu limekwisha.

Jumatatu wale tuliowafunga wakakata rufaa. Ushahidi wao ulikuwa sauti ya Jeronimo. Ilikuwa imeshazunguka kundi kwa kundi mpaka ikafika kwao, na kutoka kwao ikafika uhamiaji. Jumanne mazoezini maofisa wawili wakaja kistaarabu, wakamwita Elton pembeni, wakaondoka naye na jezi yake ya mazoezi. Jumatano wakampigia Jeronimo aje kama shahidi. Aje na kitambulisho chake.

Alikuja dukani kwangu na simu ikiwa bado mkononi. Midomo ilikuwa imekauka. Akaniuliza kama nadhani anaweza kusema simu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikamwambia mji mzima unaijua sauti yake, imetukana waamuzi miaka tisa. Akaniomba nimsindikize. Nilimkubalia, na nakiri kwamba sikwenda kwa upendo tu. Nilikuwa naufikiria mwandiko wangu kwenye ile fomu.

Ofisini alitupokea afisa mmoja mwanamke, Bi. Beatrice, mwenye sauti ya chini. Akatupa viti, akatupa maji. Upole wake ulinitia hofu kuliko kama angefoka. Elton alikuwa ameketi ukutani na bahasha yake mapajani. Hakutununia. Alimwamkia Jeronimo shikamoo, na Jeronimo akaitikia akiangalia viatu.

Bi. Beatrice alieleza kwamba karatasi za Elton zimekaguliwa na hazina tatizo, atarudi mazoezini leo leo. Rufaa ni ya watu wa kikapu, si yake. Nilipumua. Nikaanza hata kuinuka. Yeye akafungua daftari ukurasa mpya.

“Baba, nisaidie jambo moja,” alisema. “Uwanjani palikuwa na watu mia mbili. Waliomsikia wakadhani anaomba dua. Wewe ulijuaje kwamba ni Kireno?”

Miaka yote nimeingia nyumba ile, nimemsikia Bibi Conceicao akihesabu vipande vya muhogo anavyotia chunguni, akihesabu mayai, akihesabu mishono ya ukili, kwa namba alizofundishwa akiwa na miaka saba. Claudia na Nilza wanaruka kamba kwa namba hizo. Jeronimo alizisikia zikitoka kwa Elton uwanjani, akadhani amekamata siri ya mtu mwingine.

Alisema alijifunza kwa mteja. Mteja gani, akaulizwa. Wa friji. Anaitwa nani, akaulizwa. Jasho lilimtiririka mpaka likafika kwenye kidevu, na hakulifuta, kama anaogopa kuinua mkono. Hapo Elton akakohoa. Akasema kwa heshima kwamba kule kwao kila mtu anazijua namba hizo, hata wauza samaki wa Kilambo, pale mpakani, afisa akienda sokoni atasikia mwenyewe. Huyo ndiye ambaye siku chache nyuma alisikia sauti ya Jeronimo ikisema arudishwe alikotoka. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona siku hiyo, na ilikuwa ya kwangu pia.

Bi. Beatrice alimshukuru Elton, akamruhusu aende. Kisha akatoa nakala ya fomu ya Jeronimo, akaiweka mezani. Niliutambua mwandiko wangu nikiwa nimekaa mbali. Akauliza mama yupo hai. Yupo. Alisoma shule gani Madimba. Ni nani wa rika lake aliyemjua akiwa mtoto pale. Jeronimo akaangalia mlango. Bi. Beatrice akaandika jina la mama taratibu, akiuliza herufi moja moja, Conceicao, na kila herufi Jeronimo aliitaja mwenyewe.

“Aje Jumatatu,” alisema. “Asiogope, ni maswali tu. Na mtu aliyekujazia fomu hii aje naye.”

Jeronimo hakuniangalia. Alisema atamtafuta.

Tulirudi kwa miguu mpaka Shangani. Watu wawili walitusimamisha kuulizia timu. Nyumbani tulimkuta Bibi Conceicao uani, anamenya muhogo, miguu ameinyoosha. Alipotuona tu akaweka kisu chini. Wazee wale wanasoma nyuso. Jeronimo akapiga magoti mbele yake, akamweleza kwamba anaitwa uhamiaji Jumatatu, kuulizwa alikozaliwa.

Bibi hakulia. Alianza kupangusa mikono kwenye khanga, akaipangusa, akaendelea kuipangusa ingawa ilikuwa mikavu.

“Nani katusema?” akauliza. “Huyo ntu tumenkosea nini? Nipeleke kwake, mwanangu. Nikanwombe radhi, labda atawaambia alikosea.”

Jeronimo aliinamisha kichwa. Nilitaka kusema ni Kasiani, ni wapinzani, ni hasira ya Issa, na kweli vyote hivyo vimo. Lakini bibi alikuwa anamtazama mwanawe, anasubiri jina la mtu wa kwenda kumwangukia miguuni.

“Ni mimi, mama,” alisema Jeronimo. “Nilimsema mtu mwingine. Kwa ajili ya mpira.”

Akamwambia yote, mpaka dirisha dogo, mpaka mitupo huru. Sidhani kama bibi alielewa habari za usajili. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja amlaani, au ampige kofi, na ningefurahi kwa niaba yake. Badala yake alinyanyuka kwa kushika ukuta, akachungulia nje kuona kama kuna mtu barabarani, akaturudia akinong'ona, ndani ya ua wake mwenyewe alioishi miaka kumi na minane.

“Funga nlango kwanza,” alisema.

Jeronimo akaufunga. Alilijaribu komeo mara mbili.

Bibi akauliza kama Claudia ametimiza miaka kumi na minane. Jeronimo akasema ametimiza mwezi wa tatu. Akauliza kama naye ameshaomba kitambulisho. Ameomba, shuleni, wote walijaza siku moja. Bibi akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, pale fomu inapouliza habari za bibi mzaa baba, mtoto aliandika kazaliwa wapi.

Jeronimo hakujua. Hakuwa amewahi kumwambia Claudia aandike nini, maana hakuna siku aliyothubutu kulizungumza jambo hilo mbele ya watoto. Claudia alikuja kuulizwa tu jioni ile, aliporudi na begi lake mgongoni. Akatujibu kwa furaha kwamba aliandika Msumbiji, si ndivyo bibi alivyomsimulia.