Matofali ya Tangawizi

Nyumba ya kwanza ya biskuti niliyoiona ilikuwa juu ya meza ya chumba cha kulia, katika makao ya wazee ninakofanya kazi kule Quakers Hill, na nilidhani ni ya plastiki. Nikaipita mara mbili na trei ya chai. Mara ya tatu harufu ikanishika: tangawizi, karafuu, mdalasini. Nikaweka trei chini.

"Gusa," akaniambia bibi mmoja wa makao yale, mwenye miaka tisini na vidole vilivyopinda. "Haiumi."

Nikagusa. Ukuta ulikuwa biskuti ngumu, kahawia. Paa lilikuwa limeezekwa kwa vipande vya lozi, kimoja kikilalia kingine kama vigae, na mimi, kwa sababu siwezi kuona vitu vingi vimepangwa bila kuvihesabu, nikavihesabu. Mia mbili na kumi na vinne. Nikarudia kwa sababu sikuamini. Mia mbili na kumi na vinne. Lakini kilichonimaliza ni madirisha. Walikuwa wamesaga peremende nyekundu na za kijani zikawa unga, wakaumwaga kwenye matundu ya ukuta, wakauingiza ukuta ndani ya oveni. Unga ukayeyuka, ukapoa, ukawa kioo. Niliinama nikachungulia, nikamwona mpishi wetu upande wa pili, mwekundu mzima, akichambua maharagwe mekundu.

Juu ya paa walikuwa wamenyunyiza sukari ya unga kuwa theluji. Nje ilikuwa Desemba ya Sydney, joto la kuyeyusha lami, hata ndege walikuwa wamenyamaza.

"Mnaila lini?" nikauliza.

"Hatuli," akasema yule bibi. "Tunaiangalia."

Nilitoka Nairobi, nilikokuwa nikiuza nguo za mitumba, na maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akichoma mayai sita na kilo moja na nusu ya unga ili aviangalie. Nikataka kucheka. Sikuweza. Nilirudi pale kila mapumziko ya chai wiki nzima, nikiwa na visingizio vyangu, na kila mara nikakuta kitu ambacho sikukiona kabla: kamba ya kuanikia nguo iliyofumwa kwa sukari, ua la kijani lililochongwa kwa jani la mnanaa.

Sasa, hapa Granville, ghorofa ya juu yangu, anakaa dada mmoja Mrundi. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akaletwa Australia pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Wakati ninaouzungumzia binti alikuwa na miaka kumi na mmoja na Kiswahili alikisikia chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote hapa. Mama yake Kiingereza cha kuongea alikiweza. Cha kusoma kilimpa shida, kwa hiyo barua za shule zilishuka ngazi hadi kwangu.

Jumatano moja akashuka na kadi. Ukumbi wa jamii kule Bankstown ulikuwa umealika watoto walete nyumba za tangawizi kwa ajili ya Krismasi. Mada yenyewe ilikuwa nyumba tuliyotoka. Kila nyumba ilale mezani na kadi kando yake, mtoto ameandika mwenyewe. Binti alikuwa ameshaandika ya kwake.

"Nisomee," akasema.

Nikaisoma kimoyomoyo, na nikafanya kosa la mtu wa soko: nikapunguza.

"Anasema familia yenu inatoka kambini. Na kwamba atatengeneza nyumba nzuri yenye theluji."

Akaitazama kadi. Akaweka kidole. "Dada, mistari ni tatu. Umenisomea miwili."

Basi nikamsomea wa katikati. *Kabla ya Australia hatukuwa na nyumba.*

Feni ilizunguka, ikampepea, ikanipepea mimi, ikarudi kwake.

"Hatukuwa na nyumba," akasema mwishowe. "Mimi nilifyatua matofali na tumbo la huyuhuyu likiwa mbele yangu hivi. Miezi saba. Nyumba ya vyumba mbili. Mama yangu alishika kamba ya kunyooshea ukuta, mimi nilipanga."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia. Ananiuliza, picha iko wapi?"

Picha haikuwapo. Na nyumba yenyewe haikuwapo. Aliniambia desturi ya pale: anayeondoka, nyumba yake haibaki imesimama. Miti ya paa na mlango huwaachia majirani, kuta zinasukumwa, zinarudi kuwa udongo. Siku waliyopanda basi, aligeuka dirishani akakuta pamekuwa tambarare.

"Nataka aione," akasema. "Mara moja tu. Akitaka kusema tena hatukuwa na nyumba, aseme ameiona. Wewe si uliona hiyo ya wazee? Nipikie ukuta. Kujenga niachie mimi."

Kadi na nyumba zilitakiwa Bankstown Jumapili baada ya kanisa. Jumamosi binti alikuwa na masomo ya kuogelea, kisha maktaba na wenzake, hadi saa kumi jioni. Tukakubaliana tufanye siku hiyo, jikoni kwangu, asubuhi.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mnadani. Tangawizi nilinunua kwa Mlebanoni wa kona yetu, na nikamshusha bei mpaka akanipa na ndimu mbili nisizozihitaji ili niondoke. Nikapima unga mara mbili. Nikapima asali nyeusi ya miwa mara mbili. Nikakanda, nikasukuma, nikakata kuta nne kwa rula: mbele, nyuma, na mbavu mbili. Nikaingiza ndani ya oveni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Dakika kumi na tano baadaye nikafungua.

Kuta zilikuwa zimevimba kama mito ya kulalia. Mlango nilioukata umezibika. Madirisha yamefumba.

Yule dada akachungulia begani kwangu. "Umeweka nini humu?"

"Kilichoandikwa."

"Mkenya."

"Na beking poda kidogo."

"Kidogo?"

"Vijiko vinne." Nifanyeje? Tangu nizaliwe sijawahi kukanda unga wa sherehe bila kitu cha kuuinua. Mkono uliweka wenyewe.

Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Yesu wangu! Huyu anajenga nyumba ya mandazi! Watu watahamia halafu nyumba itapanda na wao!"

"Cheka tu. Ni saa nne hii. Unga mwingine sina."

Akasimama. Akachukua ukuta mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaunusa, akauvunja pembeni akatazama ndani yake. Nimewahi kumwona daktari akimtazama mgonjwa vile.

"Nipe kisu na hiyo rula yako," akasema. "Hii si ukuta. Hii ni udongo. Tunakata matofali."

Tukakata. Kila tofali urefu wa vidole viwili, upana wa kimoja, kimo cha nusu. Tukayapanga kwenye trei yakiwa na nafasi katikati, akashusha moto wa oveni hadi karibu na mwisho, akaacha mlango wake wazi kidogo kwa mwiko, ili unyevu utoke. Kila nusu saa aliyageuza, upande kwa upande, kama walivyokuwa wakiyageuza juani. Jikoni kwangu palikuwa moto kuliko nje, na nje kulikuwa Desemba. Yalipotoka yalikuwa makavu, yanalia *ka* ukiyagonga moja kwa lingine.

Nikayahesabu. Mia moja sitini na manne. Nikayahesabu tena. Mia moja sitini na matatu.

"Moja limepotea."

"Nimeonja," akasema. "Fundi asiyeonja udongo wake ni fundi gani?"

Chokaa yetu ilikuwa ute wa yai uliopigwa na sukari ya unga mpaka ukasimama. Hapo ndipo nilipoacha kuzungumza.

Nilikuwa nimemjua yule mwanamke miaka mitano. Nilijua anavyobeba mifuko ya mchele, anavyowahi treni ya saa kumi na moja alfajiri kwenda kufagia ofisi, anavyogombana na mashine ya kufulia. Sikujua mikono yake. Alifunga uzi wa kushonea kwenye vijiti viwili vya meno, akauvuta usawa wa meza, akaanza kupanga. Tofali, sukari, tofali. Kwenye kona aliyapishanisha, la mbele likishika la ubavuni, safu ya juu ikikalia maungo ya safu ya chini, na hakupima hata mara moja. Mimi nilipima nyuma yake, kwa siri, kwa rula. Kila safu ilikuwa sawa na mwenziwe. Nikapima tena, nikitafuta kosa, kama unavyotafuta tundu kwenye shati zuri ili upunguziwe. Halikuwapo.

Baada ya safu nne akaacha.

"Endelea," nikasema. "Zimebaki saa tatu tu."

"Acha ishike. Juu hakuendi mpaka chini kukauke. Chemsha chai."

Nikachemsha chai. Tukakaa tukiutazama ukuta wenye kimo cha kikombe, na hakuna aliyeona ajabu kuutazama.

Juu ya mlango akalaza kijiti cha mdalasini kibebe matofali ya juu. Dirisha lilikuwa moja, dogo. Nilipomkumbusha habari ya vioo vya peremende akanitazama hivi. "Kioo kambini?" Akaweka vijiti viwili vya mdalasini vimesimama, basi. Mlango ukawa kipande chembamba cha biskuti, kimepakwa sukari pembeni. Paa lilibebwa na vijiti vingine vya mdalasini, na juu yake, mahali pa lozi na theluji, akaniomba ile sukari ya kukanda wanayofunikia keki za harusi. Akaisukuma ikawa nyembamba kama shuka, akaitandika juu ya vijiti, ikaning'inia pande zote. Lilikuwa turubai. Turubai jeupe la msaada, na mikunjo yake. Akalifunga kwa peremende nyeusi ndefu, zile zilizosokotwa kama kamba, na akaikalisha kokoto moja ya sukari kila pembe.

"Upepo," akasema, bila kunitazama.

Makombo ya matofali nikayasaga, akayamwaga kuzunguka nyumba yakawa vumbi jekundu. Akapanda majani ya mnanaa, mstari mmoja, nyuma. Matembele. Akaokota matatu yaliyoangukia mbele ya mlango, akasawazisha vumbi pale kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefagia kwake.

Ile nyumba ya wazee ilikuwa imenishangaza kwa sababu ilikuwa na kila kitu. Hii ilikuwa na matofali, kamba na vumbi, na nilisimama mbele yake nimekunja mikono nyuma, kama niko kanisani. Sikuipa bei. Hata sikujaribu.

Saa kumi na dakika tano binti akaingia, nywele bado zina maji. Akaitazama meza.

"Theluji iko wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Huko hakuna theluji," mama yake akajibu kwa Kiswahili. "Huko kuna vumbi."

Binti akaweka begi chini. Akazunguka meza. Akainama, akachungulia kona ambapo matofali yanashikana, akapitisha kidole juu ya safu zile bila kuzigusa. Akanigeukia mimi.

"Anti, umejenga wewe?"

"Mimi nimevimbisha tu," nikasema. "Fundi ni huyo."

"Mama?" Akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza analetwa. "Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa najenga. Hii ni ile niliyokuambia. Ndiyo ile."

Mama yake alikuwa ameshika taulo la vyombo, amelisokota mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikajikuta nahesabu majani ya mnanaa. Kumi na moja. Kumi na moja.

"Nililala wapi?" binti akauliza.

Yule dada akachukua kisu.

"Wee! Usithubutu!" nikapiga kelele. "Kesho inakwenda Bankstown!"

Hakunisikia. Akaingiza ncha ya kisu kwenye chokaa ya ubavu wa kulia, akakata kutoka juu mpaka chini, akautoa ukuta mzima, safu zote, akaulaza mezani. Matofali ishirini na sita, yalivunjika mawili. Paa likayumba, likakaa. Ndani palikuwa patupu, maana ndani hatukuwa tumejenga kitu.

Akachukua matofali yaliyobaki, akapanga kiambaza kifupi katikati. Vyumba viwili. Akakata ukanda wa ile sukari ya kukanda, akautandika sakafuni.

"Mkeka ni huu. Hapa mimi. Hapa katikati wewe. Na hapa, upande wa ukuta, bibi yako, kwa sababu upepo uliingia huko, naye hakutaka ukupate."

"Bibi alikaa na sisi?"

"Nyumba ni ya kwake pia. Alinishikia kamba yote. Nikipinda ananipiga na hiyo kamba."

Binti akacheka, kidogo, puani. Akavuta kiti, akakaa, uso wake ukawa sawa na ile nyumba iliyofunguka, na akakaa hivyo muda mrefu, akiangalia mkeka.

"Mlango ulifungukia wapi?" akauliza. "Ndani au nje?"

"Nje," mama yake akasema. Akaubandua ule mlango wa biskuti, akapaka sukari mbichi ukingoni, akaupachika tena ukiwa wazi.