Unga Chini ya Blanketi

Kila nikifunua bakuli la unga wenye hamira, ile harufu ya uchachu hunirudisha nyumbani kwetu Kaisho, asubuhi moja ya ukungu. Mama alikuwa mgonjwa, siku ya tatu hajala kitu. Alitamani skonzi tu. Shangazi akakanda unga kwenye beseni, lakini kwa baridi ile ulikataa kuumuka.

“Wifi, niletee huku kitandani,” mama akaita. “Homa hii nayo ifanye kazi.”

Shangazi akacheka. “Haya, ila usiniivishie kabla ya moto!”

Mama akalikumbatia beseni chini ya blanketi. Baada ya muda unga ukafura, ukainua jani la mgomba lililoufunika. Shangazi akaoka kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Skonzi zikatoka laini, moja moja kwa kila mtu.

Mama alipewa ya kwanza. Akamega kipande kidogo, akakitafuna kwa muda mrefu, kisha akakitema kiganjani. Shangazi akageukia dirishani.

“Njoo umalizie, mwanangu,” mama akaniambia.

Niliipokea kwa mikono miwili, nikatoka mbio kuwaringishia ndugu zangu kwamba mimi nimepata mbili.