Uso wa Kondoo Anayeumwa

Baba yangu alikuwa na hakika kwamba kondoo hasikii maumivu, na ushahidi wake ulikuwa mbuzi. Mbuzi ukimshika sikio tu, kabla hujamfanya lolote, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka kuangalia nani anauawa. Kondoo unamlaza, unamhasi, unamtoboa sikio, naye anakuangalia tu. Kwa hiyo, alisema baba, Mungu aliyaweka maumivu kwa mbuzi, kondoo akampa mafuta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, na mwalimu akishatoa jibu na mfano, somo limekwisha.

Nyumbani kwetu Butiama maumivu yalihesabiwa kuwa ukosefu wa adabu. Hayakukatazwa, ila mtu aliyelelewa vizuri hakuyaonyesha mbele za watu, kama vile asivyopiga miayo kanisani. Mama alituzaa sote bila kutoa sauti, na wakunga walimsifu kwa hilo kuliko walivyotusifu sisi. Nilipovunjika mkono nikiwa darasa la tatu, baba aliniuliza, "Unalia ili iweje? Mkono si umeshavunjika?" Nimelitafakari sana swali hilo na mpaka leo sijapata jibu lake.

Chanzo kilikuwa jando. Baba alitahiriwa asubuhi yenye baridi, amesimama, wazee wamemzunguka wakimkazia macho usoni kuona kama kope itacheza. Haikucheza. Kila mgeni wetu ameisikia habari hiyo: wachumba wa dada zangu, mchungaji aliyepita njia, hata fundi wa umeme akiwa juu ya ngazi na waya mdomoni. Iliishia palepale siku zote. "Kope haikucheza," anasema, kisha anakunywa chai.

Alipostaafu alikwenda harusini nyanda za juu kusini, akarudi na kondoo wa sufu. Kondoo wetu wa huku wana manyoya mafupi na mkia mnene wa mafuta, na mkia huo ndio unaowafanya watu wawafuge. Hawa wa baba walikuja na sweta nzito, na mkia mrefu mwembamba usio na faida yoyote isipokuwa kushika kinyesi na kualika nzi, ndiyo maana hukatwa wangali wadogo. Watu walikuja kuwatazama. Jua la saa saba linawaka, wao wamesimama ndani ya makoti yao wanahema. Jirani mmoja aliuliza kwa upole kama wana malaria. Kwamba mwalimu mzima amesafiri nusu ya nchi kuleta kondoo ambao inabidi uwakate na kutupa kile kitu ambacho wenzake wote wanakifuata kwa kondoo, hilo watu walilizungumza kilabuni kwa furaha kubwa.

Sufu hailiwi, lazima iuzwe. Mimi ninaishi Bweri, pale Musoma, na nina duka la dawa za mifugo Nyasho, kwa hiyo nikajikuta nimekuwa afisa masoko wa kondoo bila kuomba kazi. Nilipata kikundi cha akina mama mjini Musoma wanaofuma mikoba na mazulia madogo kwa ajili ya wageni. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye hijabu nadhifu na jicho kali la biashara, aliishika sufu, akainusa, akaivuta kati ya vidole, akaipenda. Halafu akaniambia wateja wake wa ng'ambo wana swali moja tu. Hao kondoo wakikatwa mikia, wanachomwa sindano ya ganzi?

Nilimpelekea baba swali hilo.

"Ganzi," alisema. Akatazama huku na huku, kama anayengoja darasa litulie. "Ya kondoo."

"Ndiyo, baba."

"Mama, waambie huku kwetu hata watu hatuchomwagi."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na akitaka kunishinda hoja huniita hivyo mara nyingi zaidi. Siwezi kusema nilimwona mjinga. Miaka yote dukani nimeuza dawa za minyoo, za kupe, za macho, za kuharisha. Dawa ya maumivu ya mnyama hakuna mtu aliyewahi kuiulizia, isipokuwa mteja mmoja wa Suguti aliyeitaka kwa ajili ya ng'ombe wake, na baadaye nikaja kugundua kwamba mgongo uliokuwa unauma ni wa kwake.

Lakini sufu ilikuwa imejaa stoo, panya wanaifurahia, na kilabuni watu walikuwa wameanza kuuliza biashara ya masweta inaendeleaje. Baba akakubali ganzi kwa uso wa mtu anayevaa viatu vya kuazima.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki kutoka Bunda. Alikuwa kijana mpole kupita kiasi, aliyewasalimia kondoo kabla ya kumsalimia mama yangu, na mama hakulisahau jambo hilo. Alituonyesha jinsi sindano inavyoingia kwenye shina la mkia, jinsi ya kungoja, na jinsi ya kuufinya mkia kwanza ili kujua kama ganzi imeshika. Baba alisimama ameegemea lango la zizi, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti, anasikiliza kwa ile heshima ambayo walimu huwapa walimu wengine wanapokosea.

"Mmeona?" alisema bwana mifugo alipomaliza wa kwanza. "Huyu hata hajashtuka."

"Hata yule hakushtuka," alisema baba, akamwonyesha mwanakondoo mwingine pembeni. Huyo alikuwa amemkata mwenyewe jana yake, kwa kisu kilichotiwa motoni, bila ganzi, kusudi awe na cha kulinganisha. "Muone. Ametulia tu."

Bwana mifugo akaenda akachuchumaa mbele ya yule mwanakondoo. Hakubishana. Alitoa simu yake, akatuonyesha picha za nyuso za kondoo, wazima na wagonjwa. Akasema kondoo hapigi kelele kwa sababu zamani aliyepiga kelele ndiye aliyeliwa na fisi, kwa hiyo maumivu yake yamehamia usoni. Akaonyesha kwa kidole. Masikio yameangukia nyuma. Macho yamefumba nusu. Shavu limekaza, mdomo umebanwa. Halafu akatuambia tumwangalie tu. Mwanakondoo alilala, akainuka, akalala tena upande mwingine, akainuka. Mama yake alimwita. Hakwenda kunyonya.

Nilikuwa nimemwona tangu nifike na nilidhani anapumzika. Nilijisikia vibaya sana.

Baba aliziangalia zile picha kwa muda mrefu. "Hivi ndivyo wazee walikuwaga wanatuangalia sisi," alisema mwishowe. "Macho. Shavu. Mdomo. Hivihivi." Lilimfurahisha hilo, kwamba wazee wa jando walikuwa na elimu ya semina kabla ya semina. "Ila wao wakiona, walikucheka."

Nilicheka, nikainua macho kumwangalia, na kicheko kikaniishia mdomoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba nusu. Mdomo ulikuwa umebanwa mpaka midomo haionekani. Mkono ule wa mfukoni ulikuwa unabonyeza kitu kwenye kinena, unabonyeza kabisa, na uzito wote wa mwili alikuwa ameulaza langoni. Kitu pekee alichomzidi yule mwanakondoo ni kwamba masikio yake hayawezi kurudi nyuma.

"Baba, unaumwa wapi?"

"Nani amesema naumwa?"

"Uso wako."

"Uso wangu una miaka sabini. Hata wewe ukifika utakuwa nao."

Nikamwendea mama jikoni, nikamuuliza tangu lini. Mama alishangaa. Alisema mwalimu siku hizi hatulii kwenye kiti, anakaa, anasimama, anakaa, na chakula anakichokonoa tu. Lakini uso? "Si ndivyo alivyo?" aliniuliza. "Mimi nilidhani ndio uso wake." Alikuwa ameanza kuuzoea, mama yangu, kama unavyozoea mlango uliopinda. Nilipatwa na hofu kubwa kuliko ile ya zizini.

Hospitali alikataa. Mtu pekee aliyekubali amtazame ni bwana mifugo, nyuma ya banda, kwa sababu aliyezoea wagonjwa wasiojieleza hatauliza maswali mengi. Kijana akarudi amekunja uso. Ni ngiri, alisema, na ni kubwa. Mwalimu anairudisha ndani kwa mkono kila siku. Siku utumbo ukinasa na usirudi, utaoza, na atakufa, na itakuwa haraka.

"Umesikia?" nilimwambia baba.

"Nimesikia. Ameeleza vizuri. Ngoja tunyoe kwanza hawa kondoo."

Tukanyoa kondoo. Akina mama wa Musoma wakachukua sufu, wakaandikia wateja wao kwamba wanyama hawa wanachomwa ganzi, na sifa zikarudi mpaka Butiama kwamba mzee fulani wa Mara ana huruma ya pekee. Huyo mzee wakati huo alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nilimpigia simu kila jioni nikigombana naye. Alinijibu kwa habari za mvua.

Siku ilipofika, mama alipiga simu akasema tu, "Anatapika, na hajanikatalia gari." Nikajua.

Nilikuwa mlangoni pa hospitali Musoma walipofika. Alishuka mwenyewe. Alikuwa amevaa shati lake la mikutano, vifungo mpaka shingoni, akaenda akaketi kwenye benchi wima kama anayesubiri kupigwa picha. Kando yake alikuwa amekaa dereva wa bodaboda aliyechubuka goti, analia, anamwita mama yake, na mama yake mwenyewe alikuwepo.

Muuguzi alikuja. "Shikamoo mzee. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo. Kuna kichefuchefu kidogo tu."

"Maumivu?"

"Ya kawaida. Mhudumieni kwanza kijana huyu, anateseka."

Na muuguzi, ambaye amefundishwa kumsikiliza mgonjwa, alimsikiliza mgonjwa. Akageukia goti.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu ninayempenda. Nilimshika muuguzi mkono. "Dada, usimsikilize huyu. Mwangalie." Nikanyoosha kidole kwenye uso wa baba yangu. Mtoto wa kwetu hafanyi hivyo. Nilimwonyesha kama nilivyoonyeshwa zizini: jicho lililofumba nusu, shavu lililokaza, mdomo uliobanwa. "Sasa mwambie asimame."

Muuguzi akamwambia asimame.

Baba aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Hakusimama. Jasho lilimshuka kutoka kwenye paji la uso likaingia kwenye ile kope maarufu, na kope ikacheza.

Walimkimbiza na machela. Daktari alituambia baadaye kwamba utumbo ulikuwa umeshabadilika rangi, na kwamba tungechelewa kidogo angekuwa anatueleza mambo mengine. Mama alisema asante, akatoka nje, akalia kwa sauti mbele ya watu wanaouza maandazi. Sikuwahi kumsikia akilia. Nilikuwa sijui hata sauti yake ya kulia ikoje.

Operesheni ilifanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, chini, karibu kabisa na pale wanakondoo wanapochomwa. Muuguzi ndiye aliyenihadithia, akicheka. Mzee alipochomwa aliwaambia wangoje, wasiguse kisu. Wakamuuliza anangoja nini. Akasema, "Finyeni kwanza."

Kijijini habari ilifika kwa sura nyingine. Wageni walipokuja kumpa pole aliwaambia kwamba alipasuliwa akiwa macho, anaongea na madaktari, na hilo ni kweli tupu. La sindano hakulitaja, na sisi hatukuulizwa. Waliondoka wakitikisa vichwa, wakisema watu wa aina ya mwalimu hawazaliwi tena.

Mwaka huu kondoo wamezaa tena. Bwana mifugo alikuja, safari hii akamsalimia mama kwanza. Baba sasa haruhusiwi kubeba kitu kizito, kwa hiyo amekaa kwenye kiti zizini na wanakondoo wanaletwa mapajani pake mmoja mmoja. Bwana mifugo alichoma wa kwanza, akangoja, akachukua kisu.

"Bado," alisema baba. Alikuwa anaufinya mkia huku akimwangalia mwanakondoo usoni.

"Muda umefika, mwalimu."

"Muda umefika, ganzi haijafika. Ngoja."

Tukangoja. Mama alikuwa amesimama langoni na ungo wa mtama. Baba alifinya tena, akaangalia masikio, akaangalia macho.

"Iliumaga," alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. "Ile ya jando. Iliuma sana."

Mama aliacha kupepeta. Ni mkewe tangu akiwa msichana, na habari ile ameisikia mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

"Sasa ndiyo unasema," alimwambia.

Baba alifinya mkia mara ya mwisho, kisha akamwambia bwana mifugo akate.